Mpaka Mtakapotangaziwa Tena

Nyie vijana habari za ofisi mnazisoma kitandani. Maji yatakatika, daraja limekatika, mbwa wapelekwe chanjo, yote yanaingia kwenye simu kabla hujavaa viatu, na ukichoka nayo unayafuta kwa kidole. Mimi nilikuwa simu ya wazazi wenu. Nilikaa mbele kwenye Landrova ya ofisi, spika ya honi juu, maiki mkononi, nikapeleka habari za serikali kutoka Omurushaka hadi karibu na mpaka. Wakati huo Kyerwa ilikuwa bado ndani ya Karagwe, kwa hiyo vilima vyote vilikuwa vyangu. Watoto waliniita Ta Tangazo, yaani Mzee Tangazo, wazazi wao wakafuata, na mwishowe hata mke wangu akazoea.

Ngoja kwanza niwafundishe kazi, maana tunaoijua tumebaki wachache na mmoja wetu amekuwa kiziwi. Spika ya honi inameza mwanzo wa sentensi. Ukianza na neno la maana, limeliwa. Ndiyo sababu tulisema "tangazo, tangazo, tangazo": la kwanza ni la honi, la pili ni la kuku wanaokimbia, la tatu ndilo la watu. Usitangaze gari likiwa linatembea, hata mkubwa wako akiwa na haraka namna gani, kwa sababu mtu aliye shambani atapata nusu ya habari na nusu nyingine atajitungia. Simama mgongoni mwa kilima, zima injini, elekeza honi bondeni kwenye migomba. Sema kipande kifupi, subiri sauti yako irudi, ndipo useme kingine. Usipoisubiri mtagombana, wewe na wewe mwenyewe, na wananchi wataamua nani kashinda.

Hayo yote nilifundishwa na dereva wangu, Mzee Zakaria, Mhaya wa Muleba kama mimi. Alikuwa Mlutheri wa kweli: hakunywa, hakuapa, na gia aliibadilisha kwa upole utadhani anamfunika mtoto shuka. Alikuwa na neno moja kwangu kila tukitoka ofisini: "Ukiwafungia watu mlango, ukumbuke kurudi kuwafungulia." Nilimwona mzee anayependa kujirudia.

Yapo ambayo hata Zakaria hakuyaona yakija. Kuna mwaka bwana afya alitia dawa kwenye chemchemi za Igurwa, maji yakanuka kidogo, watu wakavumisha kwamba yanafunga uzazi. Wakarudi kuchota kinamasini. Ofisi ikanituma nikawatulize. Nikasimama kilimani, nikazima injini kama nilivyofundishwa, nikasema kwa Kiswahili safi cha darasani: "Wananchi wa Igurwa, maji ni salama. Acheni woga. Narudia, acheni woga kabisa." Nikarudi Omurushaka nimeridhika na nafsi yangu.

Sasa, kwa Kinyambo, lugha ya wenyeji wa huko, kuoga ni okwoga. Kwetu Uhayani tunasema karibu vilevile, kwa hiyo sina pa kujifichia. Igurwa nzima ikaelewa kwamba serikali imekataza watu kuoga. Maji yana dawa, serikali inasema msioge kabisa. Mambo yaliingiana vizuri. Wakayanywa bila wasiwasi, hilo tulifanikiwa, ila hakuna aliyejimwagia hata kopo. Bwana afya ndiye aliyegundua, alipokwenda kuhutubia mkutano na kukuta upepo unavuma kutoka kwa wananchi kuja kwake. Akauliza kuna nini. Mama mmoja akamjibu kwa adabu zote, "Waitu, tunatii."

Hilo lilifutwa siku ileile. Nilirudishwa kilimani na gari lililojaa maofisa, nikatangaza neno "ogeni" mpaka koo likakauka. Lilifutwa haraka kwa kuwa lilikuwa na harufu. Yasiyo na harufu ndiyo yanayosahaulika, na hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka.

Vita vya Kagera vilipoanza nilikuwa bado mgeni kazini. Ndege za adui zilikuwa zinapita, na bati jipya likipigwa na jua linaonekana kutoka mbali. Ofisi ikaagiza kila mwenye nyumba ya bati aifunike kwa majani ya migomba mpaka atakapotangaziwa tena. Wenye mabati siku hizo walikuwa wa kuhesabika. Wengi walikaa kwenye misonge na nyumba za nyasi, nao waliwatazama wenzao wa bati kwa huruma yenye furaha kidogo ndani yake. Nilitangaza kwa moyo wote. Nilikuwa naogopa kwelikweli, na hofu yangu ilisikika hadi kwenye spika. Tangazo lenye hofu ya kweli linashika kuliko jingine lolote.

Vita vikaisha. Watu wakacheza, wakanywa rubisi, wakapanda juu ya nyumba zao wakavuta majani wenyewe. Ofisi ikaona kazi imejifanya. Hakuna aliyenituma kusema "ondoeni", na mimi sikukumbuka kwamba nilikuwa nimesema "mpaka mtakapotangaziwa tena". Ni maneno matatu tu, nayo yapo mwishoni, mahali ambapo hata msomaji huwa ameshachoka.

Miaka ikapita, tukaingia ile ya tisini. Kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia vijijini, tukapelekwa Nyakatuntu kutangaza chanjo. Zakaria aliegesha kando ya shamba, mimi nikaona katikati ya migomba lundo kubwa la majani, limeota maboga juu, na kuku anataga kwenye kona. Nikajua ni samadi. Kisha samadi ikafunguka mlango, akatoka mzee aliyevaa koti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitazama, kisha akaitazama spika. "Wewe ndiye yule wa majani. Sauti nimeijua. Umechelewa, lakini karibu."

Huyo alikuwa Ta Kyaruzi, mkulima wa kahawa. Alitukaribisha uani, tukaketi. Mimi sikuweza kuondoa macho kwenye ile nyumba.

"Ta Kyaruzi, nyumba hii imekuwaje?"

"Imefunikwa."

"Na nani?"

"Na wewe."

Zakaria alikohoa, kikohozi cha mtu aliyesubiri miaka.

"Lakini vita vilikwisha, mzee wangu," nikasema.

"Najua. Jirani ana redio, nilisikia kwa masikio yangu. Nikafurahi, nikacheza hapo uliposimamisha gari. Lakini redio haikusema habari ya majani."

"Wenzako wote waliondoa."

"Wenzangu walijitangazia."

Yeye kila majani yalipooza aliweka mapya juu ya yale ya zamani. Zakaria, ambaye utani wake ulitoka kwa nadra, akamuuliza kama na lile la kuoga alilitii. Mzee akamjibu bila kucheka kwamba lile lilikuwa la Igurwa. Wao wa Nyakatuntu waliendelea kuoga.

Mkewe akatoka ndani na kisahani cha kahawa ya kutafuna. Alikuja polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta. Huyo ni Ma Paskazia. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na kisahani alikinyoosha baina yetu, hapo ambapo hapakuwa na mtu.

"Ndiye aliyekuja?" akamuuliza mumewe. "Yule wa honi?"

"Ndiye."

"Mwanangu," akaniambia, au tuseme aliiambia nguzo iliyokuwa nyuma yangu, "mabati haya ni kahawa niliyochuma kwa mikono hii. Tulipoyapiga, watu walitoka ng'ambo ya bonde kuja kuyatazama. Yakang'aa wiki ile tu, ndipo ukaja wewe. Sasa macho yangu yanafunga. Mwanga bado nauona; jua likipiga kwenye beseni la maji naliona. Nataka niyaone yakiwaka kabla hakujawa giza. Sina ombi jingine."

Nilisikia aibu mpaka kwenye nyayo. Nikamgeukia mzee nikamwambia, basi, mimi nakwambia leo, ondoa.

"Wewe unaniambia," akasema. "Hujanitangazia."

"Na yeye je? Humwonei huruma?"

Hapo uso wake ulibadilika. "Mimi nataka kuliko yeye. Kila asubuhi nikitoka naitazama ngazi. Lakini mtu ukishaanza kuchagua la kutii na la kuacha, utajuaje ni lipi lile la ndege?"

Nikanyanyuka kwenda kuchukua maiki. Zakaria akanishika mkono. Tangazo lisilotoka ofisini lilikuwa linafukuzisha kazi, mimi kwa kulisema na yeye kwa kuliendesha. Tukaondoka, na Ma Paskazia akatupungia mkono upande ambao gari halikuwepo.

Mkubwa wetu wakati huo tulimwita Bwana Katibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye jambo likifika mezani kwake kwanza analitafutia meza nyingine.

"Amri hiyo ilitolewa na nani?" akaniuliza.

"Na ofisi, mzee."

"Ofisi ipi? Ile ya wakati ule ilishabadilishwa. Sisi ni halmashauri. Hatuwezi kufuta ambalo hatukulisema."

"Basi tulitangaze upya, kwamba vita vimekwisha."

"Watu watauliza, vita gani? Ukitangaza mwisho wa vita kwenye kilima ambacho hakuna vita, kesho utakuta wamefunga mizigo."

Alikuwa na hoja, ndilo lililoniudhi. Kila nilipokwenda Nyakatuntu, na nilihakikisha naenda, Ma Paskazia alikuwa anashikilia ukuta kwa mikono miwili badala ya mmoja. Nikirudi naingia kwa Bwana Katibu. Mwisho alichoka kuniona, akatunga tangazo mwenyewe, la wilaya nzima ili asionekane anampendelea mtu, na neno vita akalikwepa kabisa: "Wananchi wote mnatakiwa kuondoa mara moja majani yaliyo juu ya nyumba zenu."

Zakaria alilisikia ofisini, akauliza kwa upole wake, "Majani gani?"

Bwana Katibu akamwambia dereva ni wa kuendesha.

Ratiba ilianzia Igurwa. Nikatangaza asubuhi, nikasubiri sauti irudi, nikarudia, tukashuka kunywa chai. Tulipotoka kwenye mgahawa tukaona bibi amekaa kwenye kiti katikati ya barabara, amezungukwa na vyungu, magodoro na mbuzi. Juu kidogo wengine walikuwa wanatoa vitanda. Lazima mwelewe, watu wale waliwahi kuhamishwa vijiji siku za nyuma, nyumba zikavunjwa nyuma yao. Serikali ikisema ondoa, hawakuwa na desturi ya kubishana. Na nyumba ya nyasi, ukiondoa majani, unabaki na uzio.

Juu ya paa moja alikuwepo kibarua mmoja, Mathiasi, mzaliwa wa Burundi aliyelima mashamba ya watu. Nusu ya nyasi zilikuwa tayari chini, na wingu jeusi lilikuwa linapanda kutoka upande wa Rwanda.

"Mathiasi, unafanya nini?"

"Natii."

"Siyo majani haya."

"Kwani haya si majani?"

"Ni majani, lakini siyo yale."

"Yale yako wapi?"

"Yako Nyakatuntu."

Alikaa juu ya mti wa paa akafikiri. "Sasa ya Nyakatuntu," akasema, "mimi nitayaondoaje nikiwa Igurwa?"

Nilikimbilia maiki. Nikasikika bonde zima nikisema: "Wananchi, majani yanayotangazwa siyo majani mliyo nayo. Mlio na majani, bakini nayo. Mliyoyashusha, yapandisheni." Sauti ikarudi, na kwa mara ya kwanza nami sikuielewa. Mvua ikatukuta mimi na Zakaria tuko juu ya paa la Mathiasi tunapokea nyasi kutoka kwa mkewe. Zakaria alikuwa na shati la Jumapili, akalikamua tulipomaliza. Kisha akasema, "Mimi ni wa kuendesha."

Habari zilimfikia Bwana Katibu kabla yetu. Aliniambia neno majani asilisikie tena kwenye spika ile maisha yake yote. Nikamwambia sawa, lakini yuko mama anapofuka. Nilimwambia kwa sauti ambayo hatuisemi kwa wakubwa, na machozi yalikuwa yananilengalenga. Akainuka. Kisha akaufunga mlango wa ofisi.

"Nenda kamtangazie yeye peke yake," akasema. "Usitaje majani. Usitaje vita. Usitaje nyumba. Ukiulizwa, unajaribu spika."

Njia nzima hadi Nyakatuntu tulikuwa tunatunga. Jaribuni nyie wenye shule: mwambie mtu aondoe majani ya vita juu ya nyumba, bila majani, bila vita, bila nyumba. Zakaria aliiweka gia ya tatu kwenye mteremko, akasema jibu. Nililikariri kama sala.

Ta Kyaruzi alipoambiwa tumekuja kutangaza, hakukubali nisemee uani. "Nenda kilimani," akasema, "ukasimame pale uliposimama siku ile." Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote. Ma Paskazia akavalishwa kitenge kipya na jirani, akaletwa kwenye kiti mbele ya mlango. Watu wakajaa uani, na kwa kuwa walijua ni jambo la mzee mmoja, walijaa zaidi.

Nikapanda kilimani. Nikazima injini. "Tangazo, tangazo, tangazo. Ndugu Kyaruzi wa Nyakatuntu, unatangaziwa. Kile ulichoambiwa uweke, toa. Narudia: kile ulichoambiwa uweke, toa."

Niliona toka juu kikoti kidogo cheusi kimesimama wima, kinasubiri hadi sauti irudi mara ya mwisho. Kisha kikaenda kwenye ngazi.

Tuliposhuka, majirani walikuwa tayari juu wanasaidia. Tabaka za juu zilikuwa za kijani, za kati kahawia, za chini zilikuwa udongo mweusi unaoweza kupandwa maharage. Maboga yalibiringika uani, kuku akatolewa na mayai yake. Jua lilikuwa kali, siku ambayo ungeichagua mwenyewe. Kisha jembe la mtu likagusa bati, na wote wakasimama.

Lilikuwa kutu tupu. Jekundu, limekunjamana, na mahali pengine halikuwepo kabisa. Miale ya jua ilikuwa inaingia ndani hadi kwenye kitanda chao. Miaka yote ile majani ndiyo yaliyokuwa nyumba, bati lilikuwa linashikilia tu. Nikatamani ardhi inimeze na Landrova yangu.

"Mbona mmenyamaza?" Ma Paskazia akauliza kutoka kwenye kiti. "Yanang'aa?"

Alisimama, akapapasa mpaka chini ya upenu, na upenu wenyewe ulikuwa mfupi, mkono wake ukafika kwenye bati. Ta Kyaruzi alikuwa bado juu ya ngazi. Mzee yule hakuwahi kumwambia mkewe uongo, na ulionekana wazi kwenye uso wake uzito wa kuanza leo.

"Yanang'aa, baba?" akauliza tena, safari hii akimuuliza yeye.

"Mama," akasema Ta Kyaruzi taratibu, "mimi siwezi kusema jambo ambalo halijatangazwa." Na akanitazama. Kisha akaitazama spika.

Niligeuka kwenda kwenye gari nikijua Zakaria atanishika mkono. Nilimkuta ameshawasha mitambo, maiki amenishikia nje ya dirisha.

"Tangazo, tangazo, tangazo," nikasema. "Wananchi wa Nyakatuntu, mnatangaziwa kwamba mabati ya Ma Paskazia yanang'aa. Yanaonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Kila apitaye barabarani achukue tahadhari, akinge macho."

Sauti ikaenda ng'ambo, ikarudi. Watu uani, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kukinga macho kwa mikono yao. Hakuna aliyewafundisha.

Ma Paskazia aliushusha mkono kutoka kwenye upenu. Kiganja chote kilikuwa chekundu kwa kutu, na vidole vyake vilikuwa vinaisugua kutu ile vikiijua vizuri. Akajifuta kwenye kitenge kipya. Akawa analia na kucheka pamoja.

"Nimesikia," akasema. "Basi hilo lisifutwe."

Mvua za msimu zilipoanza, Ta Kyaruzi alirudisha majani juu, safari hii bila kumuuliza mtu yeyote, kwa sababu nyumba ilikuwa inavuja. Mkewe alikuwa ameshaingia gizani kabisa, na wageni wakija aliwaonya wainue mikono wakaribiapo, jua lisiwaumize. Nao walikuwa wanainua.

Sasa najua wapo miongoni mwenu walioajiriwa kwenye ofisi za Karagwe na Kyerwa, mnaotuma habari kwa simu. Mkitangaza jambo, liwe na siku ya kufunguliwa. Na kama mtakuta huko matangazo yangu ya zamani yamebaki bila kufutwa, ya mbwa, ya chemchemi, ya chochote, nawaruhusu, yafuteni yote. Lile la mabati ya Ma Paskazia liacheni.